Kiti cha Orrin Hakitupi Karata

Wanaume wa ukumbi ule wa karata mjini Reno walimwogopa Mungu, waliwaogopa polisi wa barabarani, na waliogopa sindano za kufumia za Verlene Stroud zikisimama.

Verlene aliendesha basi la shule mpaka akastaafu. Poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, alifundishwa na mumewe, Hollis, na mume alipofariki akaanza kwenda ukumbini peke yake. Mwanzoni alicheza kwa ubabe kama Hollis. Wanaume wakanuna. Kila alipoweka dau walimfuata kwa dau kama lake hata kwa karata mbovu, mradi tu wasifukuzwe na mwanamke. Akaliwa mpaka akakoma.

Siku moja akaja na mafua na sweta alilokuwa akifuma, akauliza kwa sauti ya kukwaruza kama jozi mbili zinashinda jozi moja. Wakamhurumia! Tangu hapo sindano hazikumtoka mkononi. Alifuma, akatupa karata na kujitoa, akafuma. Akiziweka chini na kusukuma sarafu zake za plastiki, wote walitupa karata mbio. Bibi muungwana kama yule, walisema, hasogezi dau bila kitu mkononi. Loo, wangejua!

Hapo hakuna kosa. Poka ni kupigana changa la macho, na anayelia akalie kwao. Kilichomtafuna Verlene kilitokea nje ya meza.

Katika fainali ya ukumbi walibaki wawili: yeye na Orrin Tackett, fundi bomba mstaafu ambaye saratani ilikwishamla nusu. Orrin alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa, ile bizimu ya fedha ya mkanda wa bingwa. Alishika wafalme watatu. Verlene hakuwa na hata jozi. Akaweka sindano chini, akasukuma sarafu zake zote.

Orrin alimtazama sana. Kisha akawafunua wafalme wake ili kila mtu aone, akawatupa.

"Mwingine ningemfuata," alisema. "Wewe, bibi, huna uongo."

Sarafu zilizombakia Orrin ziliisha muda si mrefu, na bizimu ikaenda kwa Verlene. Nje, kwenye maegesho, Orrin akamshika mkono. "Niambie, Verlene. Karata nzuri ulikuwa nazo, sivyo?"

"Ulitupa vizuri, Orrin."

Orrin akafa akijisifia karata alizotupa. Tangu hapo Verlene alisikia swali lile akimimina kahawa, akifungua mlango, akihesabu vitanzi vya sweta. Ulikuwa nazo, sivyo? Alimwogopa Orrin kwa kweli, yeye aliyewahi kuendesha basi kwenye barafu bila kutetemeka.

Siku ya mazishi, kama ilivyo desturi ya ukumbi, kiti cha marehemu kiliachwa wazi, naye mgawaji wa karata, Nadine, akakigawia karata. Maiti hatupi karata. Zake hubaki mpaka mwisho, kisha hufunuliwa. Verlene alirekebisha miwani yake, akatazama zake: mbili na saba, takataka tupu. Akaweka sindano chini, akasukuma zote.

Walio hai wakatupa karata. Kikabaki kiti.

Nadine akafunua karata za Orrin. Pamoja na zile zilizofunuliwa mezani kwa ajili ya wote, zilifanya jozi, nne mbili. Verlene akafunua mbili na saba, zisizofanya hata jozi. Kwa mara ya kwanza tangu maegeshoni kifua chake kikalegea.

Cully, fundi magari mwenye mdomo mkubwa, akaangua kicheko. "Bibi! Hiyo miwani ni ya kabla ya vita? Umedhani una nini?"

"Niliona vizuri, Cully. Niliwadanganya. Na siku ile na Orrin pia. Sikuwa na kitu."

"Wewe? Acha bwana! Ungeweza kudanganya, mimi ningekuwa malkia wa Uingereza!"

"Nawaambia kweli!"

"Ni msiba huo unaokusemesha, mpenzi," Nadine akasema, akimpapasa bega. "Hebu mletee maji, Cully."

Verlene akatoa bizimu kwenye mkoba, akaiweka mbele ya kiti. "Ni yake. Nilimwibia."

Wakapiga makofi. Cully alifuta machozi. "Mnaona? Moyo wa bibi huo," alisema, akamvua Verlene miwani kwa upole na kumvisha ya kwake ya kusomea.

Kwa miwani ile ya mtu mwingine kila kitu kilififia, isipokuwa kiti cha Orrin. Verlene akaokota sindano zake, akafuma, wala hakuthubutu kuinua macho kukitazama.