Nyumba Yako, Ngazi ya Wote

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unataka kusaini mkataba wa nyumba hapa wilayani Haizhu, acha nikusimulie kabla hujashika kalamu.

Nilikuwa kijana wa Tabora, mnunuzi katika soko la vitambaa la Zhongda, nimeoa binti wa Kichina wa hapa hapa, Mei. Tulinunua nyumba ghorofa ya sita, tukaishi na mama yake. Siku ya kuikagua nilipapasa vigae, nikafungua mabomba, nikasimama roshani nikajiona bwana. Kanuni za chama cha wenye nyumba nilizitia sahihi bila kuzisoma. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nililifunga mwenyewe.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mwalimu Chen, mama mstaafu wa ghorofa ya nne. Kila nilipopanga marobota yangu ya vitambaa kwenye ngazi, alipanda kunigongea.

"Kijana, ngazi si stoo."

Mara ya tatu nikamjibu, "Nyumba nimeinunua kwa jasho langu." Moyoni nilisema ananionea kwa kuwa ni mgeni. Ujana una masikio, mwanangu, lakini kusikia ni jambo jingine.

Haikupita wiki. Mchana, jiko la jirani wetu wa mlango wa pili likashika moto. Lifti ikazimwa, watu wakakimbilia ngazi. Nilipofika kutoka Zhongda nilimkuta mama mkwe amekaa uani, anakohoa. Mei akanieleza kuwa mama alikwama kwenye marobota yangu, magoti yake mabovu yasiweze kuyapanda, na moshi umetanda. Mwalimu Chen ndiye aliyepanda na majirani wawili wakayavuta mpaka njia ikapatikana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura livunjike la mama mkwe wangu.

Nilimwendea Mwalimu kuomba radhi. "Mpe mama maji kwanza," alisema. "Kisha njoo tuitoe mizigo."

Lakini sitakuficha upande wa pili. Kanuni hizo hizo zilimkataza Mei kushona nyumbani kwa sababu ya kelele za cherehani. Tulikuwa na mtoto wa miezi mitano. Ikabidi akashonee kwenye karakana ya mtaa wa Kangle, maziwa yakimjaa kifuani, mtoto akilia kwa bibi yake. Ndipo nikahudhuria mkutano wa chama kwa mara ya kwanza. Mwalimu Chen alinyoosha mkono kututetea, hata hivyo kura hazikutosha. Sikumlaumu mtu. Mama wa chini yetu alikuwa akiuguza mume aliyehitaji utulivu. Tulivumilia mwaka mzima, mpaka mtoto alipoacha kunyonya.

Basi, mwanangu, ukiona lifti inafanya kazi na bustani imefyekwa, kumbuka: ukiona vyaelea, vimeundwa. Chama ndicho kinachoviunda. Ila kitakufuata mpaka sebuleni. Kaa na mkeo msome kanuni zote, mkijiuliza ni jambo gani hamwezi kuishi bila kulifanya. Ongea na wanaoishi pale, si na dalali peke yake. Kanuni ikigusa riziki yenu, iache nyumba hiyo, hata roshani yake ikupendeze vipi. Na ukishanunua, usikose mkutano. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mungu akupe nyumba yenye amani, majirani wenye huruma, na watoto wako wakulie humo wakiwa na afya. Nenda na baraka zangu.