Dengu kwa Mawese

Kwa mama mkwe wangu, dengu ni chakula cha ndege. Kwetu sisi Waswahili wa Rumonge, supu ya dengu nyekundu ina heshima zake: unakaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia, unatia kitunguu saumu, tangawizi na bizari, na mwishoni unaikamulia ndimu. Alipohamia kwetu akitokea Kongo, aliionja akauliza kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba.

"Hii iko maji ya kuoshea sahani," alisema. "Mutoto wangu anakonda juu ya hii."

Mtoto wake ni mume wangu, na hakuwa amekonda hata kidogo. Tuligombana juu ya ile sufuria mpaka tukachoka, ndipo tukagawana: mwanzo wangu, mwisho wake. Nikishaivisha dengu, yeye anapasha mawese pembeni, anayamwaga, anatia mboga ya lengalenga na ndagala, vidagaa vikavu vya ziwani vilivyokatwa vichwa. Ilinikera sana kukuta kwamba ni tamu.

Siku ile tuliipika kwa ajili ya watu wawili waliokuwa njiani. Mume wangu alikuwa amevuka ziwa kwenda kumchukua dada yake, aliyebaki peke yake kule Kongo mapigano yalipofika kijijini kwao. Mama yake alimwomba aende, mimi nikamkataza, akamsikiliza mama yake. Jioni iliyotangulia alinipigia simu: wamepata nafasi kwenye mashua ya mizigo, asubuhi watakuwa Rumonge. Usiku upepo ulivuma mpaka bati zetu zikapiga kelele. Asubuhi ikafika, wao hawakufika, na simu yake ikawa haipatikani.

"Mashua zinachelewaka," alisema mama mkwe. "Tupike. Watafika na njaa."

Nikaenda sokoni. Mwanamke anayeniuzia ndagala ni bahili wa kupindukia, na kila nikienda lazima turushiane maneno, ndiyo raha yetu. Siku hiyo alijaza mfuko, akaongeza kiganja kizima, akaongeza kingine, bila mimi kubembeleza.

"Leo umeota nini?" nikamtania.

Akainama kupanga samaki ambao walikuwa wamekwisha kupangwa. Sikupenda ile namna alivyoinama. Nilirudi nyumbani haraka, nusu nikikimbia, kwa njia ambayo huwa naipita polepole nikisalimia kila mtu.

Kitunguu kilikuwa kimeanza kubadilika rangi jirani yetu alipoingia uani na sinia lililofunikwa kitambaa. Lilikuwa pilau, nililijua kwa harufu. Mama mkwe akalipokea kwa mikono miwili, akishukuru kwa lugha ya huku.

"Murakoze, murakoze sana! Watu ya huku wako na roho muzuri. Kwetu jirani anakuletea chumvi, na kesho anakuja kuiuliza."

Jirani hakucheka. Alisalimu kwa sauti ya chini akaondoka bila kunitazama, naye ni mtu asiyeweza kupita kwetu bila kukaa na kumaliza chai yetu.

Mama mkwe ni Mkristo wa ng'ambo, mwanawe tu ndiye aliyesilimu aliponioa; hakujua. Mimi niliyezaliwa mtaa ule najua. Nyumba iliyofiwa haiwashi jiko; majirani ndio wanaoilisha. Haikuwa Idi wala harusi, ilikuwa mchana wa siku ya kazi, na pilau limefunikwa. Nikatia dengu, nikatia maji, nikaongeza makaa kwenye jiko la mbabula. Nilijiambia kwamba jirani amekosea nyumba. Upuuzi mtupu, kwani anaijua nyumba yetu kuliko yake.

Halafu akaja mke wa mwalimu wa madrasa, na bakuli kubwa la wali. Huyo nilimwahi langoni.

"Jiko langu linawaka," nikamwambia kwa ukali. "Unaliona? Nina sufuria motoni. Rudi na chakula chako."

Aliangalia sufuria, kisha akaangalia mikono yangu. "Liache liwake, dada. Wazee wanakuja."

"Wanakuja kusema nini?"

"Wanakuja," alirudia. Kwetu habari hiyo haisemwi na mwanamke langoni. Wazee wa msikiti ndio wanaoileta. Nilitamani kumpiga na mwiko. Nyuma yangu mama mkwe alikuwa anapasha mawese huku akiimba wimbo wa kanisani, akaniuliza kama vichwa vya ndagala nimevikata vyote, maana binti yake hapendi uchungu. Nilimchukia, na papo hapo nikamhurumia.

Alininyooshea mwiko nionje. Sikusikia ladha yoyote.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri, Mama."

Pikipiki mbili zikasimama nje. Moja ilimbeba mzee wa msikiti. Nyingine ilimbeba wifi yangu, amejifunga kitenge cha kuazimwa, miguu mitupu. Mama yake alitupa mwiko akamkimbilia, akamkumbatia, akicheka na kulia. Mimi nilitazama nyuma yao. Pikipiki ya tatu haikuwepo.

Mzee alisema hawakutaka kutuletea habari ya mmoja bila kumleta mwingine, na wifi hakuweza kusimama mpaka mchana ule. Mashua ilipinduka mbele ya Minago, karibu na nchi kavu hata waliziona taa. Wavuvi walimwopoa wifi alfajiri. Mume wangu walimpata baadaye, na sasa alikuwa msikitini.

"Ilikuwa bidoni moja tu, dumu ya mawese, haina kitu ndani," wifi aliniambia mimi, si mama yake. "Alinifunga nayo na mukaba wake wa suruali. Alisema, wewe shika, miye najua kuogelea."

Hakujua kuogelea. Sote watatu tulilijua hilo.

Tuliketi chini, uani. Wifi hakuwa ametia kitu kinywani tangu ng'ambo, na macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye sufuria yakirudi. Nikampakulia. Alikula upesi akiungua ulimi, akilia, akila. Nilimwangalia akimeza na nilitaka kumpokonya bakuli. Alipomaliza alinitazama, hakuthubutu kuomba. Chini ya sufuria ilikuwa imebaki ile nzito yenye ndagala wengi, niliyokuwa nimemwekea mume wangu.

Mama mkwe alikuwa ameishika miguu ya binti yake kwa mikono yote miwili.

"Mupe yote, mama," akaniambia. "Ule harudi tena."

Nikaikomba sufuria, nikalijaza bakuli, nikaliweka mbele ya wifi. Kisha nikapiga yowe.