Kovu la Mama Marinda

Kovu lenyewe lilikuwa kwenye mkono wa kushoto, vidole vinne juu ya kifundo, na kila mteja wa zamani alikuwa ameshasimuliwa habari zake. Mteja akiweka furushi la nguo mezani na kuuliza, "Mama, hapo uliungua hapa hapa kazini?" alikuwa amejitakia. Mama Marinda alisimamisha pasi, akakunja mkono wa blauzi, akaanza.

"Kazini? Mimi siungui kazini. Hapa nilichomwa na dada yangu, tumbo moja, nikiwa na miaka mitatu. Nakumbuka kama jana. Nimekaa sakafuni, nyuma yangu kuna pazia la maua makubwa. Dada amesimama na sare yake ya shule, kola nyeupe. Kashika pasi. Akaniangalia, akaniwekea. Nikalia, mdomo wazi mpaka kimio cha kooni kinaonekana."

Mteja aliguna, akaacha nguo zake, akaenda zake akiwaza ndugu zake mwenyewe.

Jina hilo la Marinda alipewa kwa sababu ya sketi za shule. Mtaa mzima hakuna aliyejua kukalisha marinda kama yeye. Ukitoka nayo kwake Jumapili, mtoto akiikalia wiki nzima, Ijumaa marinda bado yamesimama kama askari kwenye gwaride. Alianza kazi ya udobi akiwa msichana, na aliwaambia watu kwamba pasi ilimwonea utotoni, basi ukubwani ameiajiri.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi mbili na shuka, kamba za kutundikia, benchi la wateja. Uani alikuwako mfuaji wake, mwanamke wa rika lake ambaye watu walimwita Povu, na mdomo wake ulikwenda sawasawa na jina. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba kitupu. Binti yake alikuwa ameolewa, kaacha kitanda na kioo.

Chumba hicho ndicho kilicholeta maneno.

Dada mtu alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, akilala kwenye vyumba vya wafanyakazi. Sasa kastaafu, na chumba kinatakiwa na mpishi mpya ifikapo mwisho wa mwezi. Watoto hakujaliwa, mume alishatangulia. Alikuja Jumapili mchana, akakaa kwenye benchi la wateja kama mteja, akasema kwa ile sauti yake ya chini anayotumia akiwa mbele ya mdogo wake tu. Jikoni kwake alikuwa akipiga kelele watoto mia mbili wanapanga mstari.

"Mdogo wangu, nimekuja kukuomba chumba cha uani. Najua nililokutendea. Ukikataa sitakulaumu."

Mama Marinda hakuinua macho. Alikuwa kwenye kola. "Nipe wiki, nifikirie."

Povu, aliyekuwa akisikiliza na beseni kiunoni, alingoja mgeni atoke. "Unafikiria nini? Ndugu yako huyo anakwenda kulala wapi, chini ya sufuria?"

"Wewe hujachomwa."

"Mimi nimezaliwa na ndugu wanane. Nimechomwa, nimeng'atwa, nimesukumwa kwenye shimo la taka. Ningewahesabia, leo ningekuwa sina mtu wa kunizika."

"Na wewe ungekumbuka uso wa aliyekuchoma, akikutazama hivi, usingesema hivyo. Rudi kwenye povu lako."

Ndivyo alivyokuwa. Alipojifungua binti yake, dada alikuja na shuka la mtoto, akanyoosha mikono apokee kichanga. Mama Marinda akasema, "Mwache amelala." Mtoto alikuwa macho, anatazama dari. Dada akarudisha mikono mapajani. Hakuomba tena, na mtoto akakua mpaka akatembea bila kupakatwa na mama yake mkubwa.

Jumatano ikaingia kazi nyingi. Ilikuwa wiki ya kufungua shule na sketi zilikuwa zimejaa mpaka kwenye benchi. Mama Marinda akamwita Povu aje mezani, apige yale mashati mepesi kwa pasi ya pili. Amri za meza alimpa upya, ingawa Povu alizijua kwa moyo: pasi haiachwi hata kwa kupiga chafya, na kisigino humtazama mwenye kushika. Kisigino waliita upande wa nyuma wa pasi, ule ulionyooka wenye pembe mbili. Ncha inakwenda mbele, kisigino kinabaki upande wako, kwa hiyo ukivuta pasi kwa pupa hakichomi jirani. Kinakuchoma wewe.

Povu alikuwa anasimulia habari za mkwe wake. Alipofika mahali ambapo mkwe anajibu, akainua macho ili amwigize vizuri, mkono wa kushoto umelaza shati, wa kulia unavuta pasi.

"Uwiii! Mama yangu!"

"Mdomo ndio uliokuchoma huo! Njoo hapa." Mama Marinda akamburuta mpaka kwenye bomba, akaushika mkono chini ya maji muda mrefu, anagomba, anapuliza, anagomba tena. Halafu akaukausha kwa kitambaa safi na kuutazama. Mstari mmoja mwekundu ulionyooka, pembe huku, pembe huku.

Povu naye alikuwa anatazama, lakini si mkono wake, bali wa Mama Marinda. "He! Si ndio lako hilo. Pacha wake."

"Lipi?"

"Kovu lako. Weka mkono hapa."

Mama Marinda aliweka mkono hapo. Mahali pale pale, mkono ule ule wa kushoto, mstari ule ule na pembe zake, ila lake lilikuwa dogo na jeupe. Miaka ishirini na kitu anafundisha watu kusoma majeraha ya pasi. Akiona ncha anajua uliguswa na mwenzako, akiona kisigino anajua ulijivutia mwenyewe. La kwake hakuwahi kulisoma. Alikuwa akilitazama kwa masikio.

"Mtu akitaka kumchoma mwenzake," Povu akasema polepole, maana hata yeye aliona jambo linakuja, "anatanguliza ncha. Si ndiyo? Nani ageuze pasi amchome mtu kwa matako yake?"

"Nyamaza, Povu."

Povu akanyamaza, jambo ambalo mtaani lingeandikwa.

Mchana huo Mama Marinda hakula. Alikwenda chumbani kwake, akateremsha picha iliyokaa ukutani tangu mama yao alipofariki. Ilikuwa ni dada yake siku ya kwanza ya shule, wamepelekwa kwa mpiga picha. Dada amesimama na sare mpya, kola nyeupe. Pembeni, amekaa chini, ni yeye mwenyewe analia, mdomo wazi mpaka kimio kinaonekana, kwa sababu alimwogopa mpiga picha. Nyuma yao limetundikwa pazia la maua makubwa. Na mkononi kwa yule mtoto anayelia, ukisogeza picha dirishani, kovu lipo tayari, limeshapona.

Alikaa kitandani. Basi pazia lilikuwa la mpiga picha. Sare ilikuwa ya siku hiyo, wakati yeye alikuwa ameshaungua siku nyingi. Na kile kilio alichokikumbuka, na kimio chake, ni nani duniani anayeona kimio chake mwenyewe akilia? Aliona mtoto kwenye picha. Akajaribu kuondoa kimoja kimoja, kama mtu anayefumua pindo, aone kitambaa kinachobaki. Kilibaki kitu kimoja ambacho hakimo kwenye picha wala hakuwahi kusimuliwa: vitundu vyekundu vimejipanga mstari, viko usawa wa macho yake, vizuri kupita kiasi. Nyumba yao wakati ule haikuwa na umeme. Pasi ilikuwa ya mkaa, yenye vitundu ubavuni vya kupitisha hewa.

Mtoto gani asingetaka kuvivuta karibu?

Kesho yake alifunga duka saa tisa akaenda kwa shangazi yao, dada wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye hadithi. Yeye ndiye aliyeisimulia katika kila kikao cha familia tangu watoto hawajajua kusoma. Alimkuta barazani kwa mjukuu wake, anakata kucha za miguu.

"Shangazi, siku niliyoungua—"

"Siku hizi hamwamkii?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, siku uliyoungua. Dada yako alitoka shule na sare yake—"

"Hakuwa ameanza shule."

Mkasi ulisimama. "Nani kasema?"

"Picha ya siku ya kwanza ya shule. Kovu ninalo tayari."

"Basi hakuwa na sare. Sare ina neno gani? Alikuwa na gauni. Akachukua pasi akakuchoma."

"Ulimwona?"

"Nilimwona kwa macho yangu haya."

"Nani alikuwa anapiga pasi siku hiyo?"

"Mimi. Nguo za baba yenu za kazini."

"Sasa ulimwonaje anachukua pasi, na pasi unayo mkononi?"

"Niliitwa mlangoni."

"Pasi ukaiacha wapi?"

"Pale pale, kwenye blanketi."

"Chini?"

"Ningeiweka wapi, kichwani?" Shangazi akarudi kwenye kucha, lakini hakukata. Akasema, bila ukali, "Nilirudi nikakuta pasi imeanguka na wewe unalia. Mlikuwa wawili humo ndani. Mmoja kaungua. Aliyebaki ni nani?"

"Aliyebaki ni mtu mzima aliyeacha pasi chini."

"Mama yako angenitimua siku ile ile. Nilikuwa msichana, nakaa kwa kaka." Akafuta mkasi kwenye kanga. "Lakini nakuambia namwona. Mpaka leo nikifumba macho namwona kaishika. Siwezi kukuambia simwoni."

Mama Marinda alitazama kovu lake mwenyewe. Alimjua huyo mtu anayeona asichokiona. Alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na sita. Aliaga, akatembea nyumbani kwa miguu.

Jumamosi dada alikuja asubuhi, akakaa benchi lile lile. "Nimefuata jibu, mdogo wangu."

"Kwanza niambie. Siku ile wewe unakumbuka nini?"

Dada alishangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nakumbuka fimbo. Mama alinichapa mpaka majirani wakaja. Fimbo naikumbuka, kosa silikumbuki."

"Sasa kwa nini umekubali miaka yote?"

"Wewe ulikuwa na kovu. Mimi nilikuwa na miaka saba. Watu wazima wamesema ni mimi, mdogo wangu anasema kaniona. Ningebisha na nini?"

Mama Marinda akakunja mkono wa blauzi. Akamwita Povu, akamfungua kitambaa alichofungia jeraha, akaiweka mikono miwili sambamba chini ya macho ya dada yake. Akamweleza ncha na kisigino, akamweleza picha, akamweleza shangazi. Alieleza haraka, kama mtu anayetoa mwiba. "Nani aliiacha pasi, naona. Nani aliivuta, mkono unasema ni mimi. Lakini siwezi kuapa. Nilikuwa tayari kuapa siku zote na nilikuwa naapa kwa picha ya ukutani. Sasa sijui. Chumba ni chako, uje leo ukitaka."

Alitegemea dada atalia, au atashukuru. Dada alitazama mkono wa Povu. Alipofungua kinywa, ilitoka sauti ya jikoni, ile ya watoto mia mbili, na mpita njia aligeuka.

"Mtoto wako alikuwa macho!"

"Dada—"

"Alikuwa macho, ananitazama! Ukaniambia amelala! Nikarudi shuleni nikajifungia stoo ya unga nikalia, nikajiambia, ni haki yako, ulimchoma mtoto wa watu, usiguse mtoto! Sina wangu! Na wako ukaninyima kwa sababu ya pazia la mpiga picha?"

Povu alitoka kimyakimya kwenda uani. Mama Marinda alishusha mkono wa blauzi.

"Ndiyo," akasema. "Nilikunyima."

Dada alinyanyuka, akaondoka bila kuaga. Mama Marinda alifikiri ndiyo basi. Lakini Jumatatu mkokoteni ulisimama mlangoni: kitanda, sanduku, na sufuria tatu ambazo zingetosha kuogeshea ng'ombe. Dada aliingiza vitu vyake bila kuomba njia. Siku mbili alijibu salamu tu. Siku ya tatu alianza kuzungumza, na yaliyotoka hayakuwa asali.

"Mmepatana?" Povu aliuliza Ijumaa, anakamua shuka.

"Wapi! Jana kaniambia napika kama mfungwa aliyelipiza kisasi. Juzi kaniita mbishi kama mlango wa bati. Asubuhi hii kaniambia niondoe miguu yangu mibaya, anataka kufagia."

"Na wewe ukasemaje?"

"Niliondoa miguu." Mama Marinda akalamba kidole, akagusa pasi, ikalia tsss. "Tangu nizaliwe hajawahi kunitukana, Povu. Mara moja hajawahi. Binti yangu anakuja Jumapili, nimemwambia aje mapema, akae na mama yake mkubwa."