Mtambaapanya Uliopotea Ntobeye

Kuni za mkaratusi zikiungua hutoa harufu ya dawa ya kifua, kali, ya kuchomachoma puani. Mkaratusi uliopakwa chokaa, hata hivyo, una harufu yake ya pekee, na sidhani kama wanaoijua ni wengi. Mimi naijua. Juzi fundi aliyekuja kunitengenezea ua alichoma vipande vya nguzo za zamani, moshi ukaingia jikoni kwangu, nikasimama na mwiko mkononi. Nilikuwa tena Ntobeye, mtoto wa darasa la nne, golikipa wa timu ya tatu.

Msinicheke. Kijiji chetu kilikuwa na timu tatu. Ya kwanza ilikuwa na jezi. Ya pili ilikuwa na viatu, ingawa si kila mguu. Ya tatu ilikuwa na sisi watoto tu, na mimi msichana nikawekwa golini kwa kuwa hakuna mvulana aliyetaka kusimama mahali ambapo lawama zote huishia.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kambi ya Benaco ilikuwa imefurika watu kutoka Rwanda, na watu lazima wapike, hivyo vilima tulivyovijua vikiwa na miti vilibaki vipara. Wazazi wetu walilalamika kutwa juu ya kuni, na jioni wakaenda kubadilishana nao ndizi kwa unga wa njano. Sisi watoto hatukuona ajabu katika hayo. Ndivyo dunia ilivyokuwa tulipoikuta.

Wikiendi ninayoisimulia, timu ya kwanza ilipanda lori kwenda kucheza Ngara mjini. Zikabaki ya pili na ya tatu, na kocha wetu, Mwalimu Masanja, akaalika timu mbili za kambini: wakubwa wacheze Jumamosi, wadogo wacheze Jumapili baada ya misa. Mwalimu alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, mtu mnyoofu, na uwanja ule aliupenda kuliko nyumba yake. Nguzo za magoli alizikata mwenyewe na kuzipaka chokaa mwenyewe, na ng'ombe akijikuna kwenye nguzo yake, mwenye ng'ombe aliipata.

Mechi ya Jumamosi ilikuwa ya mateke mengi na mpira kidogo. Karibu na mwisho, mshambuliaji wetu alipiga shuti lililogonga mtambaapanya wa goli lililokuwa upande wa nyumbani kwetu. Ulikuwa umeliwa na mchwa ndani kwa ndani. Ukang'oka na kulala kwenye nyasi, watu wakacheka, kipenga kikapulizwa, kila mtu akaenda zake. Mwalimu alisema angeupigilia misumari kesho.

Wageni walilala darasani. Alfajiri wale wakubwa waliondoka kuwahi foleni ya mgao wa chakula kambini, wakawaacha wadogo wacheze kisha wawafuate. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekabidhiwa kuwalisha, kwa sababu mji wetu ulipakana na uwanja. Hakwenda misa siku hiyo. Alisema Mungu anajua maharage hayajipiki.

Tulipotoka kanisani tukakuta mtambaapanya haupo. Nguzo mbili zimesimama, juu hewa tupu. Mwalimu Masanja alizunguka goli lile kama mtu aliyepotelewa na ndama. Ndipo mzee mmoja akasema alipopita kwenda kukamua ng'ombe alimwona mtoto wa kambini uwanjani, peke yake, akirukaruka.

Aliyerukaruka alikuwa Bosco, golikipa wao. Alikuwa mwembamba, mrefu kunizidi, na kaptula yake ilishikiliwa na kipande cha utambi. Mwalimu alimwita na kumhoji kwa Kiswahili, lugha ambayo Bosco aliijua kwa kuokoteza.

"Mti uko wapi?"

"Sijachukua, mwalimu."

"Ulikuwa unafanya nini hapa alfajiri?"

Bosco akaonyesha lile goli la pili, ambalo mtambaapanya wake ulikuwa bado upo. "Naruka. Nagusa."

Watu wakaguna. Nani anaamka alfajiri kwenda kugusa mti? Mmoja akasema kuni zimekwisha kwao, sasa wamefika kwenye magoli. Mwingine akasema apelekwe kwa sungusungu wamfundishe adabu, na sote tulijua fimbo za sungusungu hazichagui umri. Hapo Bosco akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazamana, akasubiri. Mwalimu aliitazama ile mikono kwa muda. Kisha akaomba kamba ya ng'ombe, akaifunga.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwa ajili yake, na pia nilikasirika kwa sababu mechi ilikuwa inaniponyoka.

Wakati huo Bibi akatokea kwenye ukingo wa migomba, ameshika kiuno. "Chakula kimeiva," alisema. "Mnakwenda wapi na mgeni wangu?"

"Huyu ni mwizi, mama," Mwalimu alijibu.

"Hata kama ni mwizi, hajala. Mgeni hatoki kwangu na njaa. Mkimaliza kula, mpelekeni mnakotaka."

Kwetu neno hilo halikuwa na rufaa. Kundi zima likageuka kuelekea kwetu, wengine kwa adabu na wengine kwa harufu ya maharage. Bibi alimketisha Bosco kwenye jamvi akamsemesha kwa Kihangaza, lugha yetu, naye akajibu kwa Kinyarwanda, na wakaelewana bila taabu. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa anatazama midomo. Bibi alimwuliza kwa nini alirukaruka. Bosco alisema kambini magoli yao ni mawe mawili, hajawahi kulinda goli lenye kitu juu, na alitaka kujua kama mkono wake unafika.

"Ulifika?" Bibi aliuliza.

"Haukufika, nyogokuru," alisema, yaani bibi.

Mwalimu, kwa kukosa la kufanya, akatoa sigara. "Skola," akaniita, "nenda kaniletee moto."

Nikaingia jikoni. Palikuwa na moshi mzito, na harufu ile. Kati ya mafiga matatu kulikuwa na makaa mazuri mekundu, lolote lingetosha sigara. Lakini pembeni kilikuwepo kipande cha gogo kinachowaka ncha moja, na ncha ya pili ilikuwa nyeupe. Nilikijua. Nilikuwa nimesimama chini yake msimu mzima.

Kwetu kuni ya kuanguka haina mwenyewe. Ukipita shambani kwa jirani ukakuta tawi limelala, ni lako wewe uliyeinama, hata ruhusa huombi. Bibi hajawahi kutazama mechi hata moja. Alipita alfajiri, akakuta mti mkavu umelala kwenye nyasi, na katika mwaka ule mti mkavu ulikuwa zawadi. Akaupasua kwa panga.

Nilikibeba kile kipande kwa mikono miwili, nikatoka nacho mbele ya watu wote, nikakifikisha kwenye sigara ya Mwalimu. Aliinama na kuvuta. Kisha macho yake yakatembea polepole kutoka kwenye moto hadi kwenye chokaa.

"Rudisha hiyo, mtoto," Bibi alisema. "Nina chungu kingine. Na wewe mwarimu, kula, kinapoa."

Mwalimu alijaribu kufungua fundo lake mwenyewe, vidole vikamshinda, ikabidi Bibi amsaidie. Hakuomba radhi kwa mdomo. Alimmegea Bosco nusu ya samaki mkavu aliyewekwa kwenye sahani yake, na watu wakaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha sana. Bosco alikula kila kitu. Alipomaliza aliiokota ile kamba, akauliza kama anaweza kuichukua. Akaenda uwanjani, akapanda nguzo moja baada ya nyingine, akaifunga huku na huku mpaka ikakaza. Tulicheza chini ya kamba hiyo. Tulifungwa, na mimi ndiye niliyelaumiwa.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia Jumapili hiyo kama kichekesho cha Bibi aliyepikia goli. Watu hucheka, nami hucheka nao.

Sasa mwanangu ana umri ule. Mwaka jana jirani alikuja kushtaki kioo cha dirisha, nikamwita mtoto asimame mbele yetu. Hakuwa amevunja yeye. Hata hivyo, mara tu aliposikia sauti yangu aliificha mikono nyuma ya mgongo, na mimi nilisahau kioo, nikabaki naitazama mikono nisiyoiona. Nilijaribu kukumbuka ni nani aliyetaja kamba kwanza siku ile uwanjani. Hakuna aliyeitaja. Bosco alinyoosha mikono yake kabla, akaisogeza pamoja ili ifungike vizuri, kama mtu aliyekwisha kufungwa kabla ya siku hiyo, na sisi wote, pamoja na mimi, tuliona kuwa hiyo ni dalili ya mwizi.