Amenyonya Tu, Hajala

Dada yangu ameolewa Kibondo, na huko ndiko binti yake mchanga alikoanza kuvimba kichwa. Maji yalikuwa yakijaa ndani, yakibana ubongo. Mimi nilikuwa nyumbani Kasulu nikisubiri ajira, nikaambiwa niwasindikize hospitali ya rufaa, nje ya mkoa. "Wewe si unajua kuuliza," mama alisema. Sikuelewa kama ni sifa au masimango.

Mtoto alitakiwa kuwekewa mpira mwembamba wa kutoa maji hayo. Jioni nesi alimwambia dada, "Kesho asile kitu." Dada akaitikia.

Asubuhi walimwingiza chumba cha upasuaji. Haikupita muda daktari wa usingizi akatoka.

"Mama, mtoto alikula nini?"

"Hajala."

"Ametapika maziwa, yakaingia kwenye mapafu. Moyo nao ukapunguza mwendo. Tumesitisha kabla ya kupasua. Anapumua kwa mashine."

"Amenyonya tu alfajiri," dada akasema. "Sijamlisha mimi."

Ilibidi nimweleze daktari kwamba kwetu mtu humaliza viazi na chai, ukimuuliza anasema hajala, maana ugali haujapita. Sembuse ziwa?

Kisha nikauliza: moyo ulipunguza mwendo kwa maziwa, kwa dawa, au kwa maji ya kichwani?

"Huenda vyote. Siwezi kukuapia."

Nimezoea kuwabana wanaojifanya wanajua. Huyu aliyekiri hajui, sikujua nimwamini zaidi au nimbebe mtoto tuondoke.

Baada ya siku kadhaa mtoto alitolewa kwenye mashine, mapafu yakasafika. Kichwa kiliendelea kukua. Tukaulizwa kama tunakubali warudie.

"Haya, msomi," dada akasema. "Umeuliza weee. Jibu liko wapi?"

"Sina."

"Kumbe! Bora ningekuja na mbuzi, tungemla." Alicheka huku machozi yakimtoka. "Warudie. Nikirudi naye hivi, ni kwenda kumzika."

Siku ya upasuaji wa pili mtoto alilia kwa njaa, akigeukia kifua cha mama yake. Dada akanisukumia. "Mchukue. Akinusa maziwa yangu hatanyamaza."

Nilitembea naye koridoni, akinyonya kola ya shati langu. Bado sikujua kama tunamwokoa au tunamrudisha kulekule. Mlango ulipofunguliwa, nilimkabidhi kwa daktari yuleyule. Kwa mara ya kwanza sikuwa na swali, na hilo ndilo lililonitisha.