Bi Apolonia Haombi Ruhusa

Ukimtaka Bi Apolonia, nenda Baghani, Unguja, uulize fundi charahani. Usiulize fundi Mkristo, utaulizwa wewe una nini. Miaka arubaini na mbili anashona kanzu za Idi na magauni ya komunyo kwa charahani ileile, na mteja akimharakisha, awe wa msikitini au wa kanisani, humwambia akashone mwenyewe. Ulimi anao. Moyo pia anao, ila huo hautangazi.

Mlango unaotazamana na wake ni wa Bi Tamima. Waume zao wote wawili wamekufa, watoto wa Bi Apolonia wako Bara, na magoti ya Bi Tamima yamegoma. Mwaka wa tatu huu hajashuka ngazi. Basi kila Ramadhani, jua likianza kuzama, Bi Apolonia huvuka kichochoro na bakuli la uji wa mtama wenye pilipili manga, akapanda orofa ya pili, wakakaa wawili mpaka adhana. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekwenda pamoja, na Bi Tamima alifurahi kweli, akasema safari hii hatafunga peke yake.

Kisha akarudi Zahran, mwanawe Bi Tamima, baada ya miaka tisa Maskati. Siku ya tatu ya Ramadhani akampokea Bi Apolonia mlangoni, akamwambia, kwa upole kabisa, kuwa mama yake hatafuturu tena kwa chakula cha mtu wa kanisani. Asijisumbue. Akafunga mlango. Huyu huyu ambaye kanzu yake ya kwanza ya chuo cha Kurani aliishona Bi Apolonia! Bora angemtukana, angalau angepata pa kujibu.

Alirudi na uji wake, akalia kwa hasira jikoni, wala hakuona haya. Kilichomuuma si uji. Alijua mlango ule ukizoea kufungwa, hatamwona tena mwenzake mpaka siku ya jeneza, na hata hilo atalitazama kwa mbali.

Jumapili yake wenzake wa kanisani wakamzunguka kumpa pole. Bi Hedwiga, mkuu wa chama cha akina mama, akamshauri aache, ndivyo walivyo wale, ajitunzie heshima yake. Bi Apolonia akamkata kauli.

"Wale nani? Mie nna jirani mmoja tu, jina lake Tamima. Yesu kanambia nimpende. Hajanambia ningoje mwanawe anipe ruhusa."

Na jioni hiyo hiyo akapika. Mlango akaukuta umetiwa komeo. Akagonga, haukufunguliwa. Akaketi kwenye baraza yao, bakuli mapajani, na kila mpita njia aliyemwuliza kulikoni alimweleza kweli tupu, bila kupunguza sauti. Aibu ilikuwa ya nani? Si yake.

Mara dirisha la juu likafunguka na kikapu kikashuka kwa kamba, kile anachonunulia Bi Tamima mboga kwa wachuuzi bila kutoka ndani. Bi Apolonia akaliweka bakuli humo, akalifunika, akaitikisa kamba. Kikapu kilikuwa kimefika kimo cha mtu pale Zahran alipotoka akakidaka. Adhana ikaanza.

"Zahran," Bi Tamima akasema kutoka juu, "nna saumu, na magharibi ishaingia. Tende nnayo mkononi, na sili mpaka kikapu kifike. Ukinichelewesha kufuturu, utaulizwa wewe."

Zahran akatazama juu, akatazama watu. Bi Apolonia hakusogea hata shubiri. Jumapili mtu wa kanisa hafungi, lakini siku ile hakuwa ametia kitu kinywani, hasira zilimshibisha, na alikuwa tayari kukesha pale. Adhana ikaisha. Zahran akakiachia kikapu.

Usidhani kijana alilainika. Kesho yake Bi Apolonia aliukuta mlango wazi, na Zahran kasimama kando ya ngazi, kakunja uso. Tangu arudi alikuwa hajampa salamu hata moja, na mtoto wa Unguja hampiti mzee bila ya shikamoo, hata wakiwa wamegombana. Bi Apolonia angeweza kupita. Njia alikwishaipata, na uji ulikuwa unapoa. Akasimama palepale kizingitini, akamtazama usoni, akangoja. Akangoja sana.

"Shikamoo," Zahran akasema mwishowe, chini chini.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akapanda.