Kijiji Kilichoshonwa Ndani Nje

Zipu ya begi langu la safari ilikata tamaa nilipokuwa nikipita kijiji kimoja, nami nikaelekezwa kwa fundi cherehani, Mama Futi. Hakuna aliyemwita vinginevyo, kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake tangu anapoamka hadi anapolala. Nilimkuta barazani nyuma ya nyumba yake, mguu juu ya cherehani, pini nne mdomoni, naye akiongea bila taabu.

"Liache hapo, uje Jumamosi baada ya mkutano," alisema. "Sasa hivi nashona kijiji."

Hakuwa akitania. Kijiji kilikuwa na kaya mia moja na arobaini, na baada ya miaka kumi zingefika mia tatu. Afisa mipango kutoka wilayani alikuwa ameleta ramani tatu za mipango ya kuweka nyumba mpya, kijiji kichague moja, akazibandika kwenye ukuta wa darasa na kuzieleza kwa saa mbili. Nimesikia ramani zikielezwa kwa lugha nne, na katika zote watu huitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha huenda kula. Hapa pia. Wengine walitoka wakisema watachagua ile yenye rangi nzuri.

Mama Futi alikuwa katibu wa kamati ya ardhi, na jambo hilo lilimkera. Aliazima zile karatasi, akazibana kwa pini juu ya vitambaa vitatu vyeupe, akaanza kuzifuata kwa cherehani: uzi mweusi kwa barabara, wa bluu kwa kijito, mwekundu kwa vichochoro na majengo. Mashamba aliyatia viraka vya kijani.

"Watu hawa hawajui ramani, wanajua nguo," aliniambia. "Wataona wenyewe inapobana."

Pembeni, juu ya kigoda, mama mkwe wake alikuwa akichambua vifungo vya kila aina kutoka kwenye kopo. Bustani ya mama huyu ilikuwa bondeni, nayo ilikuwa imelisha watoto saba. Mpango mmoja ulipeleka nyumba mpya huko huko bondeni, kwenye udongo laini karibu na maji, na vijana waliupenda. Mwingine ulilinda bonde kwa kubananisha nyumba kuzunguka shule, lakini kichochoro chake kilipita juu ya baraza hili hili tulilokalia. Wa tatu ulizipanga nyumba zote kando ya barabara kuu.

"Wewe unautaka upi?" nikamuuliza.

"Nina mama mkwe mmoja na baraza moja. Usinigombanishe."

"Mwache mgeni aulize," mama mkwe alisema bila kuinua macho. "Hata mimi nangoja jibu."

Jumamosi sikungoja mkutano uishe; nilikuta meza za darasani zimeunganishwa, na kila kaya imepewa kifungo kiwe nyumba yake. Vifungo vya kaya zijazo vilibaki kwenye kopo vikisubiri kuongezwa. Kitambaa cha barabarani kilianza. Vifungo vilifuatana hadi vikamaliza kitambaa, vikamaliza meza, na cha mwisho mwalimu akakishika mlangoni.

"Mtoto wa huyu," alisema mwalimu, "atafika shuleni wenzake wakirudi nyumbani."

Kikafuata cha bondeni. Vifungo vilimwagwa juu ya kijani mpaka kijani kikapotea. Fundi baiskeli, ambaye wiki nzima alikuwa akiusifu mpango huo, alikuna kichwa.

"Na mboga tutalima wapi?"

"Juu ya bati lako," mtu akamjibu.

Ndipo kikaja cha katikati, chenye shule, zahanati na vichochoro vyote. Kila mtu aliweka kifungo chake kwa kukumbuka kama nyumba yake iko upande wa jua linapochomoza au linapozama. Kichochoro chekundu kikapita katikati ya kifungo cha mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mdogo wa mume wa Mama Futi.

"Shemeji," mwenyekiti alisema taratibu, "kwenye karatasi ya afisa njia hii ilipita kwako. Hapa imevunja zizi langu. Imehamaje?"

Darasa zima likamgeukia Mama Futi. Ni fundi baiskeli aliyeendelea kuchungulia.

"Mbona zahanati nayo imehama? Mimi nakaa jirani nayo. Hapa najiona nimelala kijitoni."

Mama Futi alitazama kitambaa, akatazama karatasi, kisha akajipiga paji la uso. Fundi cherehani hufanya kazi upande wa ndani wa nguo, halafu huigeuza ivaliwe. Miaka ishirini na mitano mikono yake ilikuwa imefanya hivyo. Ilifanya hivyo kwa kijiji pia.

"Jamani, nimewavalisha kijiji ndani nje," alisema.

Walicheka mpaka afisa mipango akavua miwani. Lakini Mama Futi alikuwa ameshaona kitakachofuata. Alikusanya vifungo, akageuza kitambaa mbele ya watu wote, akarudisha kifungo chake mahali pake. Kichochoro kilikipita katikati.

"Haya, tuchague bondeni basi," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini, sasa akimwonea huruma. "Baraza lako lipone."

Mama Futi alimtazama mama mkwe wake.

"Usinitazame mimi, mwanangu," bibi alisema. "Bustani ni yangu, baraza ni lako."

"Nguo ikibana, mtu hukata pale penye ziada," Mama Futi alijibu. Alichukua kifungo chake, akakisogeza upana wa kidole, kichochoro kikapita. "Ziada ni baraza. Bonde halina ziada."

Walipiga kura kwa kuweka vifungo kwenye kitambaa wanachokitaka. Cha katikati kilijaa. Mama mkwe aliweka juu yake kifungo cha mwisho, kikubwa cha koti, alichokuwa amekificha mkononi muda wote.

Mwaka uliofuata nilipita tena. Kichochoro kilikuwa kimeacha baraza lenye upana wa cherehani moja tu, na watu wote waendao sokoni walipita hapo, kiasi kwamba nyuma ya nyumba ndiko kulikogeuka kuwa mbele. Mama mkwe aliingia kutoka bondeni na kapu la mboga begani.

"Mgeni," Mama Futi aliniita kabla sijasalimia, pini mdomoni, "pindo la suruali yako limefumuka. Kaa hapo."